Simu yako inapata moto lini, na upande gani?

Mtu akiniletea simu inayochemka, kabla sijashika bisibisi namuuliza maswali mawili. Inapata moto ukiwa unafanya nini? Na ukiishika, joto unalisikia upande gani? Wengi hawana jibu la haraka. Wanajua tu kwamba simu inaunguza, na tayari wameshaambiwa na jirani kuwa betri imekufa. Nimepokea wateja waliobadilisha betri mara mbili ndani ya mwaka mmoja, hela imekwenda, na simu inachemka vilevile, kwa kuwa betri haikuwa na kosa tangu mwanzo. Inaniuma, maana maswali hayo mawili yangewaokolea hela yote ile.

Simu za kawaida hazina feni. Joto la prosesa (ubongo wa simu), la betri, la kioo na la redio inayowasiliana na mnara lote hutoka kupitia mwili wa simu kwenda hewani. Hewa ikiwa yenyewe ni moto, halina pa kukimbilia. Apple, kwa mfano, inaelekeza iPhone itumike mahali penye nyuzi joto kati ya 0 na 35. Dar es Salaam, Januari hadi Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, tena kivulini. Maana yake ukikaa barazani mwezi wa pili, simu yako imebakiza nyuzi mbili tatu tu kabla haijaguswa na jua. Kwa hiyo uvuguvugu msimu huo ni wa kawaida. Kisicho cha kawaida ni simu inayokufanya ubadilishe mkono, inayopunguza mwanga wa kioo yenyewe, inayokataa kupokea chaji, au inayokuandikia kwamba lazima ipoe kwanza.

Sasa upande. Kwenye simu nyingi, joto la juu karibu na kamera ni la bodi, pale prosesa inapokaa. Joto la katikati ya mgongo ni la betri. Joto la chini kabisa, pale unapochomeka waya, ni la tundu la chaji, ambalo sisi mafundi tunaliita sistimu chaji. Toa kava, pitisha kidole taratibu kutoka juu hadi chini, utatofautisha. Ukiwa na Samsung, nyingi kati ya hizo ukipiga *#0228# zinakuonyesha joto la betri kwa namba. Nyuzi 30 hadi 40 simu ikiwa kazini si tatizo. Ikipita 45, betri inaumia.

Ikiwa imechemka sasa hivi

Ichomoe kwenye chaji. Itoe kava. Ikiwa bado inakubali, washa hali ya ndegeni au izime kabisa. Ilaze kivulini juu ya sakafu ya saruji au vigae, kifudifudi, mgongo uwe juu, na feni ipige hapo. Dakika 10 hadi 15 zinatosha.

Usiiweke kwenye friji, wala kwenye friza. Kila siku nasikia mtu amefanya hivyo. Simu ya moto ikiingia kwenye baridi ya ghafla, kisha ikatolewa kwenye joto la Pwani, unyevu wa hewani unaganda juu yake na ndani yake, kama jasho unaloliona kwenye chupa ya soda. Unyevu huo ukifika kwenye bodi, tatizo la dakika 10 limekuwa tatizo la laki moja. Na usipakue zile programu zinazojitangaza kuwa zinapoza simu. Hakuna programu inayoweza kupoza chuma. Nyingi ya hizo zinakaa nyuma zikirusha matangazo, yaani zinaongeza joto lilelile ulilotaka kuliondoa.

Inapata moto ikiwa kwenye chaji

Hapa ndipo penye kesi nyingi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Kwanza hesabu lililo la kawaida. Simu yenye chaji ya haraka hupata joto zaidi mwanzoni, kutoka chini hadi kwenye asilimia 50 hivi, kwa sababu hapo ndipo inapovuta umeme mwingi. Baada ya hapo hupoa yenyewe. Ikipoa hivyo, mwache mgonjwa alale, haumwi.

Joto likiwa chini, kwenye sistimu chaji, na waya nao ukishikwa kichwani ni wa moto, kuna mahali umeme unapita kwa shida. Mara nyingi ni uchafu. Chukua tochi, chungulia ndani ya tundu. Utashangaa: nyuzi za mfuko wa suruali zimeshindiliwa chini kabisa, ngumu kama jivu lililolowa, kiasi kwamba waya hauingii hadi mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, kokota taratibu kuelekea nje. Usitumie sindano wala pini, maana chuma kikigusisha meno mawili ya tundu umejitengenezea shoti. Ukiona ukijani au weusi kwenye yale meno, hiyo ni kutu ya maji au jasho la mwili. Hapo kusafisha nyumbani hakutoshi, sistimu chaji inabadilishwa. Ni kazi ndogo kwa simu nyingi, usiicheleweshe, kwa sababu tundu lenye kutu huendelea kula na kuingia ndani.

Tundu likiwa safi, ijaribu simu kwa waya mwingine na chaja nyingine unayoiamini. Kwa zamu, si vyote pamoja, la sivyo hutajua kilichoponya ni kipi. Waya mwembamba wa bei ya chini hupoteza umeme njiani, ndiyo maana unapata moto huku simu ikijaa polepole. Chaja feki ina ubaya zaidi. Ipime mkononi: nyepesi mno kwa umbo lake, maandishi yake yamefifia, na baada ya nusu saa kichwa chake hakishikiki. Ndani ya chaja nzuri kuna vifaa vinavyodhibiti umeme ukipanda na kushuka, na kwetu umeme unapanda na kushuka. Kwenye chaja ya bei ya kutupa vifaa hivyo vimepunguzwa au havipo.

Joto likiwa katikati ya mgongo, uliza simu inachajiwa wapi. Chini ya mto? Juu ya godoro? Ndani ya begi ikiwa imeunganishwa na pawabenki? Godoro linafanya kazi ya blanketi, joto halitoki. Hamishia mezani au sakafuni, kisha uone siku mbili tatu. Vijijini nimeona jambo jingine: paneli ndogo ya sola imelazwa juu ya bati, na simu imelazwa palepale pembeni yake, kwenye jua lilelile. Paneli inataka jua, simu haitaki. Waya mrefu wa mita mbili tatu unaingiza simu ndani ya nyumba na tatizo linakwisha.

Uliza pia inafanya nini ikiwa kwenye chaji. Simu inayochajiwa huku inagawa intaneti kwa hotspoti kwa watu watatu, au huku mtoto anacheza gemu, ina joto la betri na joto la prosesa kwa wakati mmoja. Ukikaa na tabia hiyo mwaka mzima, betri itachoka mapema. Joto na chaji iliyojaa pomoni ndivyo vinavyoizeesha betri ya lithiamu kuliko kitu kingine. Betri iliyojazwa na kuwekwa tu mwaka mzima mahali penye nyuzi 25 hubaki na uwezo wa takriban asilimia 80. Ikiwekwa kwenye nyuzi 40 hubaki na takriban 65. Kama simu yako ina uwezo wa kuishia asilimia 80 ikiwa kwenye chaji, washa huo uwezo, hasa kama una kawaida ya kuchaji usiku kucha.

Ukishafanya yote haya na katikati bado kunachemka kwa chaja nzuri, juu ya meza, simu ikiwa haitumiki, sasa ndiyo unaweza kuishuku betri.

Inapata moto ukiitumia

Kijana mmoja wa bodaboda aliniletea simu yake saa nane mchana. "Fundi, niwekee betri mpya, hii inajizima nikiwa na abiria." Nikamuomba anionyeshe inapokaa. Tukatoka hadi kwenye pikipiki. Simu ilikuwa imefungwa kwenye usukani, ndani ya ile pochi ya plastiki ya kukinga mvua, ikiwa imeelekea juani. Waya ulikuwa unatoka kwenye betri ya pikipiki. Mwanga wa kioo umepandishwa hadi mwisho ili aone juani, ramani inasoma mahali alipo muda wote, data imewashwa, na mgongoni kuna kava nene la mpira.

Nikamwambia, "Kaka, hapa una majiko mengi chini ya chungu kimoja." Hatukubadilisha betri. Tulitoa pochi, akabaki nayo kwa siku za mvua tu. Tulitoa kava. Tukaigeuza simu iangalie chini kidogo, na juu yake akaweka kijikinga jua cha plastiki nyeusi. Akaacha kuchaji akiwa safarini mchana, akawa anachaji kijiweni, kivulini. Alirudi baada ya wiki kuniletea simu ya mwenzake, yake ilikuwa haijazima tena.

Wa gari nao wasijione wamepona. Gari lililofungwa vioo juani, dashibodi yake inaweza kupita nyuzi 60. Simu ikiachwa hapo wakati unaingia dukani, haihitaji hata kuwashwa ili iharibike. Ndani ya gari, kishika simu kinachobanwa kwenye tundu la kiyoyozi ni bora kuliko cha kwenye kioo cha mbele, mradi kiyoyozi kinatoa baridi.

Kuna joto jingine la matumizi ambalo watu hawalifikirii, nalo ni la mtandao dhaifu. Ukisafiri kwa basi, ukafika sehemu ambazo mnara uko mbali, simu hupandisha nguvu ya redio ili isikike, na mnara ukipotea inautafuta bila kuchoka. Simu iko mfukoni, hujaigusa, lakini paja linaungua. Yenye laini mbili inatafuta mara mbili. Washa hali ya ndegeni hadi mji unaofuata. Na kama nyumbani kwako laini moja haishiki vizuri, izime kwenye mipangilio usiku, au ilazimishe simu itumie mtandao wa 3G au 4G badala ya kuruka kutoka 5G kwenda 4G na kurudi.

Gemu nzito na kurekodi video ndefu vinapasha moto simu yoyote, hata ya milioni tatu. Punguza ubora wa picha ndani ya gemu, pumzika kila nusu saa, songa mbele.

Halafu kuna joto la programu, ambalo linaweza kuanza siku moja bila wewe kubadilisha chochote. Mwaka 2023 wanunuzi wa iPhone 15 Pro walilalamika kuwa simu mpya zinaunguza mikono. Wengi waliamini ni kosa la chuma. Apple ikaeleza kuwa kulikuwa na hitilafu ndani ya iOS 17, yaani mfumo unaoendesha iPhone, kwamba baadhi ya programu zikiwemo Instagram na Uber zilikuwa zinaibebesha prosesa mzigo, na kwamba simu mpya hufanya kazi nyingi za chinichini siku za mwanzo. Marekebisho yalikuja na toleo la 17.0.3, mapema Oktoba mwaka huohuo, bila mtu kufungua skrubu hata moja. Kwa hiyo simu yako ikianza kuchemka mara baada ya kusasishwa, ipe siku mbili tatu imalize kupanga mafaili na picha zake, kisha angalia kama kuna sasisho jingine.

Na ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, usome orodha ya programu zinazokula chaji. Programu usiyoitumia ikiwa juu ya orodha, ndiyo mshukiwa wako. Hasa kama uliiweka kwa faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu bila kupitia Play Store, ulilotumiwa na mtu, zikiwemo zile WhatsApp zilizochezewa. Si kutishana: Desemba 2017 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kirusi cha Android kiitwacho Loapi, ambacho pamoja na mengine kiliitumia simu kuchimba sarafu za kidijitali kwa siri. Watafiti wake waliiacha simu ya majaribio ikiwa nacho, na ndani ya siku mbili betri ilivimba hadi ikasukuma kava la nyuma.

Inapata moto ikiwa imelala

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Simu haiko kwenye chaji, haitumiki, iko kivulini, na bado ina moto.

Lifuatilie kwa kupanda ngazi. Usiku wa kwanza zima data na Wi-Fi, uilaze. Kama inaamka imepoa, kosa liko kwa programu inayotumia intaneti. Usiku wa pili washa hali ya ndegeni, andika asilimia kabla ya kulala. Ikishuka asilimia mbili au tatu hadi asubuhi, ni sawa. Ikishuka 20, kuna kitu kinakula. Usiku wa tatu iwashe katika hali salama, ambayo kwenye Android nyingi unaipata kwa kubonyeza kwa muda mrefu neno la kuzima hadi simu ikuulize. Hali hiyo inafunga programu zote ulizoziongeza mwenyewe. Ikitulia hapo, ondoa programu moja moja ukianza na za karibuni. Mwisho, izime kabisa. Simu iliyozimwa haina sababu yoyote ya kuwa ya moto. Ikiwa bado ina moto, tatizo liko kwenye bodi au kwenye betri, na hapo mpelekee fundi, usisubiri.

Mama mmoja, wakala wa pesa, alinijia na simu ya hivyo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hii simu nimeizima tangu asubuhi, hebu shika." Nikashika, juu karibu na kamera palikuwa pa moto. Alikumbuka kwamba wiki mbili nyuma ilinyeshewa na mvua, akaiweka kwenye mchele, ikawaka, akajua imepona. Mchele hauondoi maji yaliyokwishaingia chini ya vifaa vya bodi. Hata Apple inaonya wateja wake wasiweke simu kwenye mchele kwa sababu punje ndogo zinaweza kuharibu ndani.

Nilitoa betri, nikaunganisha bodi kwenye pawa saplai, mashine inayolisha umeme na kuonyesha kiasi kinachovutwa, kwa volti 4. Bodi isiyo na kosa, bila kubonyeza swichi, inatakiwa isome sifuri. Ilisoma ampea 0.14. Umeme ulikuwa unavuja mchana na usiku. Nikaipaka bodi moshi wa rosini (utomvu mkavu wa msonobari) hadi ikawa nyeupe kama imenyeshewa unga, nikarudisha umeme, nikaangalia kwa kioo cha kukuzia. Baada ya sekunde chache kapasita moja, kifaa cha kutunza chaji kidogo kuliko punje ya mtama, ikayeyusha weupe uliokuwa juu yake na kubaki nyeusi peke yake kati ya vingine. Ndiyo iliyokuwa imekula maji. Nikaitoa, saplai ikasoma 0.00. Betri yake ilikuwa nzima.

Nakueleza haya ili ujue cha kudai. Fundi anayekuambia "badilisha betri" kwa simu inayochemka ikiwa imezimwa, muombe kwanza apime uvujaji mbele yako. Ni kipimo cha dakika tano.

Betri iliyovimba

Acha vyote hapo juu ukiona dalili hizi: kioo kinainuka pembeni, kava la nyuma halifungi, au simu ukiilaza kwenye meza tambarare na kuisukuma kwa kidole inazunguka kama pia. Hiyo ni gesi iliyojaa ndani ya betri. Usiichaji hata mara moja "ili utoe picha". Usiikandamize kioo kirudi. Usiitoboe kamwe kupunguza upepo, kama nilivyoona wengine wakifanya. Kuta zinazotenganisha pande mbili za betri ni nyembamba mno. Samsung Galaxy Note 7 zilirudishwa kiwandani mara mbili mwaka 2016, na uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro za ndani ya betri zenyewe, ikiwemo kona iliyobanwa na uchomeleaji ulioacha ncha. Kasoro za kiasi hicho zilitosha kuwasha moto.

Ikianza kufuka moshi, zima umeme wa ukutani, usiishike kwa mkono, toa watu chumbani maana moshi wake ni sumu, na kama unaweza kuifikia kwa usalama mwagia maji mengi ipoe. Betri iliyotolewa ifunike ncha zake kwa selotepu, itie kwenye kopo la chuma lenye mchanga, iwekwe nje ya nyumba, wala isitupwe kwenye jaa linalochomwa moto.

Ukinunua betri mpya, angalia uwezo uliochapwa. Betri ya umbo lilelile inayodai mAh (kipimo cha uwezo huo) nyingi sana kuliko ya kiwandani inasema uongo. Na liko jambo ambalo macho hayalioni: betri nzuri ina kipimajoto kidogo kinachoiambia simu nyuzi zake, ili simu ikate chaji kukizidi moto. Kwenye baadhi ya betri za bei rahisi kipimajoto hicho kimebadilishwa kwa kipande kinachosema muda wote kwamba kuna nyuzi 25. Simu inadanganywa na inaendelea kuchaji. Kwa hiyo usiondoke dukani mara tu simu inapowaka. Muombe fundi aichaji dakika 20 mbele yako, shika katikati ya mgongo, na kama simu inaonyesha namba ya joto, tazama kama inapanda. Mkono ukisikia joto na namba imeganda palepale, irudishe betri hiyo kabla hujalipa.